Siku Spika Aliposikia

Chumba walichopewa cha kufundishia wauguzi kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Mkufunzi aliupokea ufunguo bila kununa, akafunga kitambaa kichwani, akaviburuta vile vitanda nje kimoja kimoja, akasugua sakafu kwa mikono yake mwenyewe mpaka rangi yake ya asili ikaonekana. Kwenye boriti akaning'iniza mizani ya kupimia watoto. Kisha akavuka barabara hadi shule ya chekechea, akaazima viti vinane.

Siku ya kwanza wauguzi wake wanane walisimama mlangoni, wakavitazama vile viti, halafu wakatazamana.

"Hivi ni vya nani, Mama?" mmoja akauliza.

"Vyenu. Karibuni, kaeni."

Wakakaa. Magoti yakagusana na videvu. Dada mmoja mnene alikaa upande, nusu kitini nusu hewani, akajikaza kisabuni asicheke. Mkufunzi, ambaye kwa kimo alipita meza kidogo tu, akaanza kuzunguka katikati yao akiwainamia na kuwamiminia maswali: unaitwa nani, unaumwa wapi, mbona husemi, hebu toa ulimi. Walipochoka kuinua shingo, akasimama.

"Mnajisikiaje?"

"Shingo inaniuma," akasema yule dada.

"Mimi nimesahau hata nilichotaka kujibu," akasema mwingine.

"Basi somo la kwanza mmelimaliza. Hivyo ndivyo mtoto anavyotuona. Kuanzia leo, ukitaka kuongea na mtoto, shuka chini."

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, alikofanya kazi miaka kumi na miwili. Kifua chake kilijaza mlango, na sauti yake ilikuwa ya kutisha: akinong'ona, watu wa chumba cha pili wanamjibu. Wenzake walimwita Spika, na mwenyewe aliitika. Hakuja kwa hiari. Barua ilimkuta, ikamwambia aende akajifunze afya ya mtoto, ya familia na ya shule kwa miezi tisa, naye akaja akiwa amekunja uso kama aliyeonewa.

"Samahani, Mama," akasema. "Mimi nimezoea kazi ya maana. Nimeshika mioyo ya watu kwa mikono hii. Sasa huku ndiyo tutakuwa tunakagua kucha?"

Mkufunzi akamtazama kutoka chini hadi juu, safari ndefu.

"Wagonjwa wako wa kule walikuwa wanakuambia nini, baba?"

"Walikuwa wamelala, Mama. Wamepigwa usingizi."

"Nilidhani hivyo," akasema Mkufunzi, akafungua daftari.

Mkufunzi mwenyewe alikuwa amefanya kazi wodi ya watoto miaka ishirini na sita. Kazi haikumchosha. Kilichomchosha ni ule mlango wa wodi. Kila siku ulimpitishia mtoto aliyekwisha kuchelewa: nimonia ya wiki mbili, kuhara kwa siku sita, moyo ulioharibika kwa sababu ya maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyashughulikia. Kila mmoja wao alikuwa amepita mbele ya macho ya mzazi, mwalimu, jirani, pengine hata muuguzi, na hakuna aliyeona. Aliandika barua nne kuomba aanzishiwe mafunzo ya wauguzi watakaowafuata watoto huko huko nyumbani na shuleni. Barua nne hazikujibiwa. Ya tano aliipeleka mwenyewe, akaketi nje ya ofisi ya Daktari Mkuu tangu asubuhi hadi saa tisa.

"Nakupa mwaka mmoja," Daktari Mkuu alimwambia hatimaye, huku akisaini bila kukaa. "Wodi zangu zina upungufu wa watu, na wewe unanichukulia wanane waende kucheza na watoto. Mwisho wa mafunzo nitakuja kuwapima mwenyewe. Nikiona ni porojo, kila mtu anarudi wodini, na wewe ukiwemo."

"Asante, Daktari," Mkufunzi alisema, akachukua karatasi yake kabla wino haujakauka.

Miezi mitatu ya kwanza walisoma. Walipimana macho kwa ubao wa herufi, wakasikilizana vifua, wakajifunza chanjo, lishe, meno, namna ya kuchora familia nzima kwenye karatasi moja na kuona nani anamlea nani. Mwezi wa nne wakatoka. Hapo Mkufunzi akawawekea sheria moja.

"Nitakuwa nyuma yenu, lakini sitasema kitu. Mwenye mgonjwa ni wewe. Ukiniona nimefungua mdomo mbele ya watu, ujue mambo yameharibika."

Shule waliyopangiwa ilikuwa na vyumba kumi na vinne vilivyozunguka uwanja wa vumbi, na bomba moja la maji karibu na lango. Spika alipewa darasa la tatu, watoto sitini na mmoja. Alifanya kazi kwa kasi ya mtu anayepakua magunia. Alikaa kwenye kigoda kidogo, ndiyo, kwa sababu alikwisha kuambiwa ashuke chini, lakini macho yake hayakutoka kwenye fomu. Uzito, urefu, macho, masikio, ngozi, haya, mwingine! Sauti yake ilisikika hadi darasa la saba. Kufikia saa tano alikuwa amemaliza, wakati wenzake hawajafika nusu. Mkufunzi siku hiyo alikuwa upande wa pili wa uwanja, na yule dada mnene, aliyekwama na mtoto asiyetaka kuvua shati.

Saa nane, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda makwao, Mkufunzi alikaa na rundo la fomu. Fomu ya arobaini na tatu ya Spika ilimsimamisha.

"Njoo, baba. Huyu binti wa miaka tisa. Umeandika: minyoo, apewe dawa. Halafu chini umeandika: mvivu. Uvivu ni ugonjwa gani?"

"Ni maelezo ya mwalimu wake, Mama. Anasema anasinzia darasani, kila saa anaomba ruhusa ya kutoka. Mtoto mwenyewe kakonda, tumbo linamuuma. Nikaona minyoo."

"Kilo ishirini na moja na nusu. Mwanzo wa muhula alikuwa na ngapi?"

Spika akakuna kichwa. "Sijui."

"Kadi yake ya shule ilikuwa chini ya fomu yako, umeiandikia juu. Ishirini na tano. Mtoto anayekua kapoteza kilo tatu na nusu. Na yeye mwenyewe alikuambia nini?"

Spika akasema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, "Sikumuuliza."

Mkufunzi hakumgombeza. Alirudisha fomu kwenye rundo, akaisawazisha kwa kiganja. "Kesho asubuhi tunakwenda kwao."

Asubuhi walipitia shuleni kwanza, wakaambiwa binti hakuja. Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliinua mabega. "Nilisema mimi. Akizuiwa kwenda kuzurura bombani, haji kabisa."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nafaka, ukumbi umefagiwa, mkeka umetandikwa. Bibi wa yule mtoto ndiye aliyewapokea. Baba yake ni fundi viatu, alisema, ana kibanda chake kule kona. Mama yake yuko kiwandani zamu ya asubuhi. Mtoto yuko ndani amelala, tumbo lilimsumbua, afadhali apumzike kidogo. Kisha jicho lake likaangukia ile fomu mkononi mwa Spika, na uso wake ukabadilika.

"Hizo karatasi za nini? Mnataka kumfukuza shule?"

"Hapana, Bibi, hizi ni za—"

"Mwalimu alimtoa nje juani wiki iliyopita. Alijikojolea, akasimamishwa mbele ya wenzake mpaka akauke. Sasa mmekuja na karatasi!"

Mkufunzi alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Aliuma ulimi. Aliwahi kuona wauguzi wengi wakifika hapa na kuanza kujitetea, na mlango wa nyumba ukafungwa hata kama umebaki wazi.

Spika aliitazama ile fomu. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akavua viatu, akashuka mkekani, kazi iliyomchukua muda kwa mwili ule, akakunja miguu mbele ya yule bibi.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Jana nilimpima mjukuu wako nikamwandika kama gunia. Sikumuuliza hata neno. Nimekuja uniambie wewe. Anza alipokuwa mzima."

Bibi akamkagua kwa muda. Kisha akakaa naye, goti kwa goti.

"Alipokuwa mzima," akasema, "alikuwa hafungi mdomo. Ndiyo maana tunamwita Chiriku. Anaamka anaongea, anakula anaongea, baba yake anaziba masikio. Sasa huu mwezi wa pili, salamu anajibu kwa shingo. Anakunywa maji, mwanangu, hujaona! Jagi zima, halafu anaomba tena. Anakula vizuri tu, lakini nguo zinamvuka. Na kitandani kaanza tena kujikojolea kama mtoto mchanga. Mama yake anafua shuka kila siku. Mimi naanika godoro kila siku. Na hilo godoro nalo, sijui lina nini, sisimizi wamelivamia, nafukuza, wanarudi, nimemwagia maji ya sabuni, nimepiga dawa, wapi! Duka lile la nafaka limewaleta. Nilishamwambia mwenye duka..."

Bibi aliendelea na mwenye duka. Mkufunzi hakumsikia tena. Maji, mkojo, kukonda, sisimizi. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kuanza kufunguka. Akaufunga. Nampa mpaka kumi, alijiambia. Ikifika kumi, na nishindwe, lakini mtoto hatanifia chumba cha pili kwa ajili ya mtihani. Moja. Mbili. Tatu. Spika alikuwa akikuna goti lake, akitikisa kichwa kwa heshima kuhusu mwenye duka. Nne. Tano. Sita.

Mkono wa Spika ukasimama juu ya goti.

"Bibi," akasema. Haikuwa sauti ya Spika. Ilikuwa ndogo, ya upole, ya mtu anayemshika ndege. "Hao sisimizi. Wanakuja godoro zima, au pale anapokojoa tu?"

Bibi akafikiri. "Pale pale tu. Hata shuka, wanaenda palipolowa."

"Naomba nimuone Chiriku. Sasa hivi."

Mtoto alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Spika akapiga magoti, uso kwa uso naye.

"Chiriku, mimi ni yule mwenye kelele wa jana. Nitakutoboa kidole kidogo tu. Ruhusa?"

Mtoto akakubali kwa shingo. Tone la damu likaingia kwenye kipima sukari. Kipimo hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

Mambo yaliyofuata Mkufunzi aliyakumbuka kwa miaka. Hakuhitajika kusema neno hata moja. Spika alipiga simu hospitali kubwa, na kwa sentensi nne fupi akawa ameeleza kila kitu: umri, kisukari kipya, anapumua kwa kina na analegea, andaeni dripu na insulini, tunafika baada ya nusu saa. Akamweleza bibi, bila kumtisha na bila kumficha, kwamba damu ya mtoto imejaa sukari, kwamba ni hatari, na kwamba inatibika. Akamtuma jirani kwa baba. Kisha akambeba Chiriku kifuani, akatoka barabarani, na hapo ndipo ile sauti iliporudi. "SIMAMA!" Gari lililobeba matofali, lililokuwa limekwisha kupita nyumba tano, likafunga breki. Watu wakatoka madukani kuona kumetokea nini.

Siku mbili hospitalini Chiriku alikuwa kati ya kufa na kupona. Siku ya tatu alifungua macho, akauliza kwa nini dripu inadondoka upande mmoja, na kama imekwisha itawekwa nyingine, na nani anaiosha ile chupa. Bibi aliposikia maswali matatu mfululizo alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha, wauguzi wa wodi wakashindwa kumwinua.

Daktari wa wodi alimkuta Mkufunzi koridoni. "Nani alimgundua huyu mtoto? Angekaa nyumbani mpaka jioni tungekuwa tunaongea mengine."

"Muuguzi wangu mwanafunzi," alisema Mkufunzi.

Lakini kumtoa mtoto hatarini haikuwa mwisho wa kazi. Mtoto mwenye kisukari cha namna ile anahitaji sindano kila siku, maisha yake yote, na sindano hiyo lazima ichomwe na watu wa nyumbani. Wiki iliyofuata Spika alirudi kwenye ule mkeka, safari hii akiwa na baba, mama na bibi mbele yake. Mkufunzi aliketi pale pale karibu na mlango.

Mama alijifunza upesi. Aliuliza mara mbili, akarudia mara moja, akaweza. Baba ndiye aliyewashangaza. Fundi viatu, mtu anayetoboa ngozi ya ng'ombe kwa sindano kubwa tangu asubuhi hadi jioni, alipoishika ile sindano nyembamba kama unywele, mikono ilianza kumtetemeka na kijasho chembamba kikamtoka.

"Siwezi," akasema. "Ngozi ya kiatu haina baba. Huyu ni mwanangu."

Spika akapandisha shati lake. Tumbo likatokea, kubwa, la kutosha darasa zima. "Nichome mimi, kaka. Humo ndani kuna maji ya chumvi tu. Chagua popote, nafasi ipo."

Mama akapasuka kwa kicheko, bibi akajifunika kanga usoni. Baba akamchoma. Spika akapiga kelele ya uongo, "Mama yangu wee!", Chiriku akaanguka mkekani kwa kucheka, na kwa mara ya pili baba akachoma bila kutetemeka. Mara ya tatu alikuwa anamwambia Spika atulie. Siku ile ile jioni alimchoma binti yake sindano ya kwanza, na Chiriku akamwambia, "Baba, mbona umefumba macho? Fumbua."

Nyumba haikuwa na friji. Spika akawafundisha kuweka dawa kwenye mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini. Bibi akajitwika kazi ya kuulowesha ule mchanga, na akailinda kwa wivu, hata mama hakuruhusiwa kuugusa.

Ikabaki shule. Mwalimu mkuu aliwakusanya walimu wote ishirini na wawili baada ya masomo. Mwalimu wa darasa la tatu alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Tangu aliposikia habari hakuwa amelala vizuri, na kila mtu alijua ni yeye aliyemsimamisha mtoto juani. Mkufunzi aliona wazi njia mbili mbele ya Spika, na ile rahisi ilikuwa kumtumia yule mwalimu kama mfano.

Spika alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa ile fomu.

"Kabla sijawafundisha, nawasomea," akasema. "Mwanafunzi wa darasa la tatu. Minyoo. Mvivu. Saini yangu hii hapa. Mwalimu wake alikuwa amenieleza kwamba anasinzia na kila saa anaomba ruhusa ya kutoka. Alikuwa ameona. Mimi ndiye niliyesomea uuguzi, nikasikia, nisielewe. Kwa hiyo tukubaliane, hapa hakuna mwenye kosa peke yake. Tujifunze."

Yule mwalimu akainua kichwa. Alikuwa analia, lakini alikuwa ameinua kichwa. Spika akawafundisha: mtoto anayekunywa sana na kukojoa sana na kukonda apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, mtoto mwenye kisukari akitetemeka na kutokwa jasho ghafla apewe kitu chenye sukari papo hapo, kisha asiachwe peke yake, mtoto akiomba ruhusa ya chooni, aende. Maswali yakawa mengi mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge lango.

Wiki mbili baadaye yule mwalimu wa darasa la tatu alifika kituo cha afya kwa miguu yake na orodha. Watoto wanne wanaokaza macho kutazama ubao. Mmoja anayegeuza sikio moja kila anapoitwa. Mmoja asiyeweza kukimbia hatua ishirini bila kukaa. Mkufunzi aliisoma ile orodha akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa.

Miezi tisa ilipotimia Daktari Mkuu alikuja kama alivyoahidi, pamoja na madaktari wengine wawili kutoka hospitali kubwa. Kila muuguzi alieleza familia moja aliyoifuata. Yule dada mnene alieleza mtoto asiyevua shati, na makovu aliyoyakuta chini yake, na namna alivyosimama na mama wa mtoto huyo mpaka wakapata mahali salama pa kuishi. Daktari Mkuu aliacha kuandika, akasikiliza tu. Mwingine alieleza mapacha walioacha kupungua uzito. Zamu ya Spika ilipofika alieleza habari za Chiriku tangu mwanzo, na fomu ya minyoo hakuificha.

"Ngoja," Daktari Mkuu akamkatiza. "Kabla ya kipimo cha damu. Ni kitu gani hasa kilichokufanya ushuku?"

"Bibi yake, Daktari."

"Bibi alikuambia ni kisukari?"

"Bibi aliniambia habari za sisimizi. Alikuwa ananilalamikia mwenye duka. Kama ningekuwa nimesimama mlangoni na fomu, asingenilalamikia kitu. Kule nilikotoka, nilifanya kazi miaka kumi na miwili na mgonjwa hakuwahi kuniambia neno. Nilidhani ndiyo kazi. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Na kama nitaruhusiwa kuchagua, sirudi kule."

Daktari Mkuu alitazama makaratasi yake, akayapanga, akayapangua. Yule daktari wa wodi aliyemtibu Chiriku, aliyekuwa mmoja wa wale wageni wawili, akamwinamia sikioni akasema maneno machache.

"Mkufunzi," Daktari Mkuu akasema hatimaye, "wanafunzi wa awamu ya pili utawapokea lini?"

"Nikipata chumba kikubwa zaidi," akajibu Mkufunzi bila kupepesa. "Na daftari za kutosha. Na wanaoomba wenyewe, si wanaosukumwa kwa barua."

"Wangapi?"

"Ishirini."

"Utapata kumi na sita."

"Kumi na wanane."

Daktari Mkuu akatabasamu, mara ya kwanza Mkufunzi kuyaona meno yake. "Kumi na wanane."

Wauguzi wanane walipiga makofi mpaka madirisha yakalia. Siku ile ile wakabandikiwa orodha ya vituo vyao: kila mmoja kituo kimoja cha afya na shule tatu za kuzitazama. Spika alipangiwa kituo kile kile na shule ile ile yenye bomba moja langoni, na alipoona hivyo alimnyanyua yule dada mnene juu kwa furaha, jambo ambalo hakuna mwingine angeliweza.

Mkufunzi alikaa na miguu yake inayouma mpaka wote wakaondoka, akafunga chumba, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Alikusudia kupita kimya. Lakini alipofika kwa muuza mboga, aliyemuuliza tu kama leo anachukua nyanya, akajikuta anasema, "Wanafunzi wangu wamefaulu. Wote wanane." Muuza mboga akampongeza. Hatua chache mbele alikuwapo fundi cherehani, naye hakuuliza kitu kabisa. "Wote wanane," Mkufunzi akamwambia, na akasimama kumsimulia habari ya kila mmoja, kwa zamu, hakumruka hata mmoja, mpaka fundi akaacha kukanyaga cherehani, akamsogezea kigoda.